Nguo Isiyo na Mshono Mgongoni

Doha, 6 Februari 2010

Wifi yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila vumbi la huku limenikausha midomo. Kaka Yusufu hajambo? Na hilo tumbo, linakusumbua?

Nina habari ya fundi mwenzako. Mama yake bosi wangu, Bi Haruko, amekuja hapa mtaa wa The Pearl kutoka Japani kumshonea mjukuu nguo. Wifi, ungeiona nakshi yake! Mistari sita inachomoza katikati kama miale, inakutana na mingine, nyota inazaa nyota, hujui imeanzia wapi. Anasema zamani ilipamba mavazi ya sanamu za dini yao. Baadaye mwigizaji akaivaa jukwaani, wanawake wote wa mjini wakaitaka. Inaitwa jani la mmea wanaousokota kuwa nyuzi. Mmea huo hukua upesi, wima, ndiyo maana watoto wachanga huvishwa nakshi hiyo, wakue vivyo hivyo. Nikauliza mmea gani, akanionyesha picha. Wifi, ni bangi! Mama asisikie.

Na nguo ya mtoto mchanga haina mshono mgongoni. Kwao mshono ni jicho linalolinda nyuma, basi mama hutia nakshi hapo, mtoto asikose mlinzi.

Nampa Hamisi dereva kipande cha kitambaa chenye nakshi hiyo, anakuja huko likizo. Mshonee huyo wetu aliye tumboni.

Wifi yako,
Shani

Muheza, 20 Machi 2010

Wifi Shani,

Waaleikum salaam. Sote wazima, kaka yako anakusalimu. Kipande kimefika. Bangi nimeicheka mpaka Mama akauliza kuna nini.

Aliyebuni hii alikuwa fundi hasa! Nimeijaribu kwenye foronya, nikafumua, pembe zinakataa kukutana. Nikachora kwanza kwa chaki na rula, zikakubali. Nilikaa kuitazama mpaka chai ikapoa.

Lakini nguo ya mtoto sishoni. Wale wawili niliwashonea, wifi, na unajua tuliwazika. Niulizie tu: Bi Haruko hakuwahi kuzika?

Wifi yako,
Zuhura

Doha, 17 Aprili 2010

Zuhura wangu,

Salamu nyingi, na afya iwe nawe. Nilimwuliza, bosi akitufasiria. Bi Haruko akaweka sindano chini. "Wa kwanza wangu alikuwa wa kiume," akasema. Mimba ya pili naye alikataa kushona. Mama mkwe wake akamwambia, "Mgeni ameshafika. Utamwacha uchi kwa kuwa hujui atakaa siku ngapi?" Akashona huku analia. Huyo wa pili ndiye bosi wangu.

Sikulazimishi.

Wifi yako,
Shani

Doha, 3 Julai 2010

Zuhura,

Hujambo? Mbona kimya? Simu ya kaka inaita tu, hapokei. Hata neno moja, tafadhali.

Wifi yako,
Shani

Muheza, 30 Julai 2010

Shangazi Shani,

Alhamdulillahi! Ni msichana, anaitwa Salha. Alikuja kabla ya wakati wake, mdogo mno, tukalazwa naye muda mrefu. Kaka yako alikuwa akiiangalia simu inaita, hajui akuambie nini.

Nguo nilishona. Nilimficha hata Yusufu. Ile nakshi ya mgongoni imekaa upande, lakini wauguzi waliigeuzageuza: "Nani kashona hii?" Mmoja, Virginia, anataka nimfundishe. Mwambie Bi Haruko.

Jana tumerudi nyumbani. Ananyonya kwa fujo.

Usinicheke mwandiko kupanda na kushuka. Amenilalia kifuani, na sitaki kumweka chini.

Mama Salha