Mafuta Juu ya Redio

Kwako mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako. U hali gani? Kifua kimepoa? Unakula, au bado unashindia chai huko maabara? Huku tu wazima. Bibi yako anakusalimu, mguu wake mkaidi lakini mdomo mzima. Shangazi yako anakusalimu, anauliza utaoa lini. Mdogo wako anakusalimu, ingawa tangu ulipopiga simu Jumapili ananitazama kwa macho mekundu. Simu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, na mwandiko wangu unaujua, nivumilie.

Kwanza la kuchekesha. Unakumbuka ulipokuja likizo mwaka juzi ukanieleza kazi yako, ukapaka mafuta kwenye kioo changu cha kujitazamia? Ulisema mna sauti kali ambayo sikio la mtu haliipati, ikipita kwenye kioo inayasukuma mafuta yatambae yenyewe, na yakiwa membamba sana hayaikimbii, yanaifuata kule inakotoka. Nikasema huo uchawi, ukacheka mpaka ukakohoa.

Basi wiki iliyopita nilibaki peke yangu, nikakukumbuka mno. Nikailaza redio chali, nikaweka kifuniko cha sufuria juu ya spika, nikakipaka mafuta kidogo. Nikafungulia. Kimya. Nikaongeza. Kimya, lakini mafuta yakaanza kujikunja, yakasogea ukingoni! Nilipiga vigelegele, mwanangu. Nikasema nami nimeipata ile sauti isiyosikika.

Mara fundi viatu wa mlango wa pili akaingia kaziba masikio, mishipa ya shingo imemtoka. Nilimsoma midomoni tu: mama, unataka kutuua? Akaizima mwenyewe. Kutazama nje, mtaa mzima uko mlangoni kwangu.

Hapo ndipo nilipojua. Nilikuwa najidanganya kwamba siku hizi watu wananong'ona. Masikio yangu yamekwisha, mwanangu. Humu ndani wakicheka nacheka, wakinyamaza nanyamaza, nyumba imejaa watu na mimi niko peke yangu. Sijawaambia. Wakijua watanisogeza pembeni kama kiti kibovu. Fundi nimemsihi afunge mdomo.

Kwa hiyo Jumapili mdogo wako aliponipa simu, niliona aibu kuikataa. Uliongea sana. Nilipata mvumo tu, kama mtu anapumua ndani ya debe. Nikajibu sawa mwanangu, sawa, Mungu akubariki. Mdogo wako akaanza kulia, na simu ukawa umeshaikata.

Sijui nilikubali nini, na nikimuuliza mdogo wako atajua kuwa sisikii. Kama ulisema unaoa, nimefurahi, lete mkwe. Kama ulikuwa unaniaga kwamba hurudi tena, ile sawa si yangu, usiichukue.

Wasalimie wenzako wa kazini. Usipige simu, baba. Andika, kwa herufi kubwa, upesi sana, uniambie ulisema nini.

Ni mimi,
Mama yako