Maji ya Mchana wa Ramadhani

Ampisikina, Mahajanga
Septemba 2008

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepungua maumivu, na Djaanfar anakupeleka kwa daktari kila inapotakiwa bila visingizio. Huku kwangu watoto hawajambo. Madi ameng'oka jino la mbele na anajiona mtu mzima. Mimi mwenyewe nina afya. Mengine nitayasema pole pole, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia, na jambo lenyewe lisingesemwa.

Djaanfar, ndugu yangu, wewe unayemsomea Mama, soma kila neno. Najua tabia yako ya kuruka.

Mama, unajua kwamba nashona katika kile kiwanda cha nguo kwenye njia ya Amborovy. Tunashona blauzi za kupelekwa Ulaya. Zamani mtindo mmoja tulikaa nao muda mrefu. Siku hizi kabla mkono haujauzoea, unaletwa mwingine, na kila mmoja unatakiwa haraka kuliko uliopita. Soazara, Msakalava wa hapa hapa anayeshona kando yangu, husema watu wa huko lazima wana miili mingi.

Ramadhani ya mwaka jana sisi wanawake wa Kiislamu tulikuwa na shida: tulikuwa tukitoka kazini jua limeshazama, na futari hatujapika. Tukaona saa ya chakula cha mchana haitufai kitu, kwa vile tumefunga. Mimi ndiye niliyetumwa kwa meneja kuomba tufanye kazi saa hiyo, kisha tutoke mapema. Alikubali papo hapo, akanisifu kuwa nina akili. Nilirudi kwenye cherehani yangu kichwa kimevimba. Wenzetu wasiofunga, kwa heshima yao, nao wakaiacha saa yao, wakawa wanakunywa maji kwa kujificha wasije wakatutamanisha. Tulijiona watu tunaojua kuishi pamoja.

Idi ikapita, tukarudi kazini, saa ya chakula haikurudi. Nilikwenda kuuliza nikidhani wamesahau. Meneja alinijibu kwa utulivu kwamba oda zimeongezeka, na kwamba mwezi mzima tulikuwa tumemwonyesha kuwa kazi inakwenda vizuri zaidi bila mapumziko. Kutoka mapema nako kulikwisha. Baadaye mapipa ya maji yakaondolewa ukumbini. Alisema anayekunywa kidogo haendi chooni mara kwa mara, na hilo pia tulimfundisha sisi wenyewe. Ibada yetu ya mwezi mmoja alikuwa ameigeuza kanuni ya kiwanda, kwa mwaka mzima, kwa afungaye na asiyefunga. Tukibeba chupa kutoka nyumbani, mlinzi alizichukua getini, eti tutazimwagia maji nguo za watu.

Msimu wa joto ulipofika, chini ya yale mabati, Soazara alikuwa mjamzito. Alianguka mchana mmoja juu ya cherehani yake, na mimba ikatoka kabla hatujafika hospitali. Nilimshika mkono njia nzima nikingoja anilaumu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu Mungu wetu amemkasirikia nini, yeye ambaye hata hafungi. Mama, mpaka leo sijui ningemjibu nini. Wanawake waliokwenda kulalamika kwa ajili yake walifukuzwa siku ile ile, na sisi tuliobaki tukainamisha vichwa. Mimi mmojawapo.

Sasa nafika penyewe. Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka kwa hao wanunuzi wa blauzi, kuangalia tunavyofanya kazi. Meneja aliwasimamisha nyuma yangu, akawaambia kwa Kifaransa kwamba ukumbi hauna maji kwa ombi la wanawake wenyewe, kwa sababu dini yao inakataza kunywa mchana, na kampuni inaheshimu mila za watu. Hakuitaja Ramadhani. Alisema hivyo kana kwamba tumezaliwa hivyo. Bibi mmoja katika wageni wale, aliyejifunga kitambaa kichwani kwa ajili yetu, aliweka mkono kifuani kwa heshima. Kisha akaniinamia, akaniuliza kama ndivyo.

Kifaransa changu chote cha shule kilinitoroka. Meneja alikuwa akinitazama. Yule bibi alikuwa na chupa ya maji mkononi, nami nikanyoosha mkono nikaiomba.

Ilikuwa adhuhuri, Mama, na nilikuwa nimefunga. Nilikunywa mbele ya ukumbi mzima, kisha nikampa Soazara, naye akaimaliza.

Mapipa yamerudishwa, na saa ya chakula pia, ndivyo Soazara anavyoniambia. Mimi nimekatazwa kuingia getini. Hapa mtaani wanasema nimekula Ramadhani kwa makusudi ili niwapendeze Wazungu. Hayrat, jirani yangu, amenirudishia sahani ya futari niliyompelekea, chakula kikiwa hakijaguswa. Yeye anasafiri Ijumaa kuja huko kwenu Nosy Be, na nimetaka usikie kutoka kwangu kwanza.

Lakini kuna ambalo Hayrat halijui. Siku ile nitailipa baada ya Idi. Sheria ulinifundisha wewe. Kila nikimaliza kuswali naomba toba, na toba inataka majuto, na majuto siyapati. Namkumbuka Soazara akinywa, moyo wangu unafurahi. Nikilia, nalia kwa yale ya mwaka jana. Naendelea kufunga siku zilizobaki, na sijui kama namfungia Mungu au nawafungia majirani. Moyo wangu unanitisha, Mama. Niombee.

Nisalimie Bibi Hadjira, na Mikidache na watu wake wote. Wajukuu wako wa huku wanakubusu mikono.

Djaanfar, ukimaliza kusoma, mtazame Mama. Akinyamaza, usiniandikie kwamba ameridhika. Niandikie kwamba amenyamaza.

Ni mimi mwanao,
Koulsoum