Mvua ya Saa Nane

Shikamoo, Baba.

Najua marahaba haiji. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu ni deni la mdogo, akitoa ametua mzigo. Niko hapahapa Hopkins, pembeni ya Minneapolis, kwenye fleti ileile niliyokuwa nikikupigia simu huku napika. Theluji imeanza kuyeyuka. Leo nimepata habari njema, nikashika simu nikupigie wewe kwanza, kisha nikakumbuka. Basi naandika.

Unalikumbuka kaunta buku lako, la ule uchimbaji wa kule mlimani kwetu Upareni? Mama alinikabidhi siku ya arobaini yako, limefungwa kwenye kitenge. Kila mfuko wa vigae vya vyungu umeuandikia tarehe na saa uliyotoka shimoni, maana kinachotoka baadaye kimetoka chini zaidi, na cha chini ndicho cha kale. Mwandiko wako mzuri mno, Baba. Na wale watafiti wa Kizungu waliokuajiri, kwenye ripoti yao wakakuhesabu tu kati ya "vibarua wa kijijini". Hata jina hawakuandika.

Siku hizi akiolojia si koleo na brashi tu. Ni takwimu, na ni kuandika programu ya kuchambua maelfu ya vigae kwa mpigo. Muhula wa kwanza nililia chooni, nakwambia kweli. Mkato mmoja ukikosekana, kompyuta inagoma kazi nzima. Nilikuwa nakusikia, "Nakijwa, shimo halichimbwi kwa hasira." Napangusa pua, narudi darasani.

Tasnifu yangu niliijenga juu ya madaftari mawili: lako, na la yule mwanafunzi wa Kizungu mliyechimba naye shimo moja, wewe upande huu, yeye upande ule. Nikaingiza yote kwenye kompyuta, nikaiamuru iipange mifuko kwa saa. Ikatoka vurugu tupu. Vigae vya kale juu, vipya chini! Profesa wangu, mama mmoja mpole, akaniambia taratibu kwamba labda mwenye daftari hili hakuwa makini. Tuliache, tubaki na la mwanafunzi.

Wewe usiwe makini? Wewe uliyerudi shimoni siku ya harusi ya shangazi kwa ajili ya kigae cha ukubwa wa ukucha? Nilimwambia mimi Mpare, na Mpare haachi kesi; nipe wiki mbili, nakata rufaa. Kwenye basi la kurudi nilicheka peke yangu, lakini niliogopa. Daftari likitupwa, umefutika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Wiki ya kwanza ikaisha sijapata kitu.

Jumamosi Mama Zawadi, jirani yangu wa kutoka Bukavu, akaniletea sombe, kisamvu cha kwao. Daftari lilikuwa mezani, limefunguka. Akasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari: "Saa 8. Mvua. Tumefunika shimo." Akatikisa kichwa. "Mvua ya saa nane, ya nyuma ya kula! Hata kwetu iko vilevile."

Baada ya kula. Mungu wangu.

Mimi niliingiza 8, basi. Kompyuta ikaelewa nane ya huku, yaani saa mbili asubuhi, hamjanywa hata chai. Nikakimbilia daftari la mwanafunzi, tarehe ileile: mvua, shimo limefunikwa, saa mbili za kwao, mchana, ndiyo saa nane yetu. Mvua moja, kwangu ilinyesha mara mbili! Vigae vya chini kabisa, ulivyovitoa mchana, nilikuwa nimevipeleka asubuhi. Kosa halikuwa lako, wala la mashine. Ni mimi, mwanao, miaka mitano naamka na kufanya kazi kwa saa zao, mpaka nikazisoma zako kwa macho yao. Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo hiyo. Nililia, Baba. Mama Zawadi akadhani ni pilipili, akanisogezea maji.

Nisamehe.

Kusahihisha ulikuwa mstari mmoja tu wa programu. Nikabonyeza, nikafumba macho. Nilipofumbua, mifuko yenu ilikuwa imepangika, yako na yake, tabaka kwa tabaka, kutoka juu hadi chini. Hakuna hata mmoja wako uliokosea. Hata mmoja! Profesa alitazama mchoro, kisha akasema anamwomba radhi mwenye daftari. Nimekufikishia.

Leo wameipitisha tasnifu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: kumbukumbu za shimo zimetunzwa na Eliamini, msimamizi wa uchimbaji. Si kibarua tena.

Likizo nakuja. Nitakusomea palepale kaburini, na kuanzia mwaka huu vijana wetu wa kule mlimani nitawafundisha hesabu hizi, kwa daftari lako. Naahidi.

Lala salama, Baba yangu. Ila sikiliza kwanza jambo moja. Ule mstari mmoja ungeweza kuzisogeza saa zako mbele kwa sita, nane iwe kumi na nne, zifanane na zao. Sikufanya hivyo. Zako sijazigusa. Nimepunguza sita kwenye zao. Tasnifu nzima, hapa Marekani, inakwenda kwa saa yako, na mvua imenyesha saa nane.

Mwanao,
Nakijwa