Swichi ya Ukumbini

Kifungua mimba wangu,

Sisi wazima. Paa tumeliziba, na paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la baba yako.

Jumapili ulitimia mwaka tangu mdogo wako atutoke. Mafundi umeme wenzenu walikuja kumkumbuka. Tulicheka, mwanangu! Walisimulia walivyombandika jina la Twiga kwa ule ufupi wake, na siku aliyopanda stuli juu ya meza ya mteja afikie taa, kisha akashindwa kushuka. Baba yako alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakawa machozi ya kweli.

Ndipo mmoja akasema, "Kaka yake angezima swichi, leo tungekuwa naye." Hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina.

Najua hata wewe unaamini ulisahau, ndiyo maana ukahama bila kuaga. Hukusahau. Uliizima swichi kuu pale ukumbini, ukaenda dukani kununua tepu, ukamwacha darini na nyaya zake. Mimi nikarudi kutoka sokoni, nikaona pasi haishiki moto, nikaiwasha swichi. Sikuuliza nani kaizima. Nilitaka kunyoosha shati lako la kazi.

Mwaka mzima nimekuacha ubebe mzigo wangu.

Barua kama hii nimempa baba yako asubuhi. Aliisoma, akatoka uani. Sasa ni alasiri, na bado amesimama palepale.

Mama yenu