Degedege Niliyoiandika kwenye Fomu

Alhamisi, Chang'ombe

Cheti cha afya nimepata. Bado siamini.

Juzi nilipokuwa najaza fomu ya afya ya marubani, kwenye swali la degedege nilishaandika hapana. Mama akachungulia. "Ulipata, ukiwa na miaka miwili. Homa ya malaria ilikupanda sana, nikakukimbiza hospitali mgongoni." Hakuwahi kuniambia.

Festo, ninayesoma naye urubani, akasema niache hivyohivyo. "Nani atajua, sista?" Kusema kweli nilitaka kumsikiliza. Masomo yote haya, halafu nikwame kwa homa ambayo hata siikumbuki...

Mama alisema tu, "Andika, mwanangu. Utabeba watoto wa watu."

Nikafuta, nikaandika ndiyo.

Leo daktari aliposoma jibu langu aliniuliza maswali mengi, kisha akaomba kuongea na mama kwa simu. Mwishowe akasema, "Degedege ya homa, mara moja, utotoni, haikuzuii kurusha ndege. Ungeificha nikaja kuigundua, hapo tusingeelewana." Akasaini.

Nyumbani nilimkuta mama anakanda chapati. Nilimwonyesha cheti, nikalia. Akanifuta machozi kwa mikono ileile ya unga, uso wangu ukawa mweupe, tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.