Pakiti Tatu za Mama Poni

Jumatatu, 2 Juni
Nimetoka wodini, miguu inawaka moto. Sisi wanafunzi wa uuguzi tumekaririshwa tena: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi. Wenzangu wanapiga soga kwa Kiarabu cha Juba. Mimi niliyekulia Kitale sikielewi, nacheka tu wakicheka. Najichukia nikifanya hivyo. Hapa mtaani Hai Jalaba mtu wangu wa kuongea naye ni mmoja tu: Mama Poni, mwenye nyumba, aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Uganda.

Jumatano, 4 Juni
Mama Poni anatapika. Kwa siku kadhaa amekuwa na homa, magoti yanamsumbua. Nikaomba kuona dawa zake. Pakiti tatu: ya Khartoum kwa kichwa, ya Kampala kwa magoti, ya Nairobi kwa homa. Kapanga mwenyewe. Majina matatu tofauti. Nikasoma maandishi madogo nyuma. Zote paracetamol, miligramu mia tano. Anameza mbili mbili kutoka kila pakiti, asubuhi, mchana, jioni. Vidonge kumi na vinane! Mtu mzima hatakiwi kupita vinane kwa siku.

Nikamwambia aache, twende hospitali. Akanifokea: "Wewe nasoma juzi tu, sasa nataka fundisha mimi? Dawa ya kichwa haiwezi ua mtu."

Alhamisi, 5 Juni
Salamu yangu hajibu. Ningenyamaza, ningebaki na rafiki. Nimekula mkate mkavu chumbani na kulia. Upuuzi mtupu.

Jioni. Nimemwona uani. Macho yake yana umanjano. Nimempigia simu Poni, bintiye, aliye Arua, Uganda. Sikuomba ruhusa.

Ijumaa, 6 Juni
Poni alimgombeza mama yake kwa simu mpaka akakubali. Tukapanda boda. Daktari anasema ini limeumia, ila tumewahi; ametundikiwa dripu yenye dawa ya kulinda ini. Mama Poni akanisonta kwa nesi: "Huyu ndiyo nachongea mimi kwa mtoto yangu."
Aseme atakavyo. Anapumua.

Jumapili, 15 Juni
Ameruhusiwa. Poni amekuja kumchukua wakaishi wote Arua. Hataki tena mama yake augue peke yake. Simu yangu ndiyo iliyomleta. Mama Poni alinishika mkono muda mrefu, kisha akaingia garini.

Nimefagia ua wote, hata upande wake. Nikapika ugali na sukuma. Mwingi mno, wa watu wawili. Nimekula kidogo, nikafunika sufuria.