Pembe ya Kumi na Moja

Jumapili, 3 Novemba 1985

Leo swali limeulizwa, na si mimi niliyeuliza. Nashukuru.

Mchana Baba alihubiri Ufunuo kumi na tatu kwenye Ukumbi wa Injili. Turubai lake lilitundikwa ukutani kama siku zote: Mnyama atokaye baharini, vichwa saba, pembe kumi, na kila pembe ina jina la nchi ya Soko la Pamoja la Ulaya. Baba ndiye aliyemchora Mnyama. Majina niliandika mimi kwa sababu mkono wake hautulii. Sita za mwanzo niliziandika nikiwa bado shuleni. Mwaka 1973 tukaongeza tatu, Uingereza ikiwemo. Nilimuuliza, ina maana na sisi ni pembe? Akasema ndiyo, kwa bahati mbaya.

Halafu Januari 1981 Ugiriki ikaingia Soko la Pamoja. Ya kumi! Baba alilia kwa furaha hapo jikoni, akanishika mikono yote miwili. Wiki ile ile akapiga simu kitaluni akafuta oda yetu ya miche ya matofaa. Bwana yu mlangoni, miche ya nini?

Sisi wanawake hatusemi mkutanoni. Lakini kwenye chai tunasema. Roberta Ensor, yule anayefundisha jiografia, alimwendea Baba na kikombe chake. "Ndugu Mervyn, mwezi wa kwanza Hispania na Ureno wanaingia. Zitakuwa kumi na mbili. Hizo mbili tutaziweka wapi?" Hakuwa na kejeli hata kidogo, alitaka kujua tu. Baba akakoroga chai ambayo hakuitia sukari. Akasema atalichunguza jambo hilo.

Njia nzima kurudi nyumbani alihesabu kwa vidole. Mimi nami nilikuwa nahesabu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimezunguka shamba la chini. Ugonjwa wa donda umekula magome ya karibu kila mti. Ni miti ya babu, imechoka. Matofaa ya mwaka huu yalikuwa madogo kama mayai ya bata, na wale wa kiwanda cha pai walinung'unika. Miaka mingine minne hivi nami nitakuwa navuna kuni. Nina miaka thelathini na nne, sina mume, sina kazi nyingine ninayoijua, na Baba ana sabini na mbili. Naandika hivi ili nikome kujidanganya.

Miche ya Januari huagizwa sasa. Kwa hiyo usiku wakati wa chakula nikamwambia Baba tupande.

"Thelma, binti yangu. Nani atakayekula hayo matofaa?"

"Sisi."

"Sisi hatutakuwepo."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kwamba kesho basi halipiti. Hilo ndilo linaloniudhi. Angegomba, ningegomba.

Jumamosi, 9 Novemba

Ndugu Sinclair Boyce, mwenzake Baba wa pale Ukumbini, kaja na jibu. Kaja nalo limekunjwa mfukoni, akalikunjua juu ya meza kabla hata ya kuvua koti. Ubelgiji, Uholanzi na Luksemburgi, asema, zilishaungana zamani zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo zihesabiwe moja. Kumi na mbili ukitoa mbili — kumi! Mnyama hana kasoro.

Baba alipumua kama aliyetuliwa mzigo. Mimi nilikuwa nakata mkate wa magadi, na mdomo wangu hauna kufuli. Nikauliza, mbona mwaka 1981 tulizihesabu tatu ndipo tukapata kumi?

Ndugu Sinclair akasema wakati ule nuru ilikuwa haijakamilika.

Nikauliza, na sasa imekamilika?

"Dada Thelma," akasema, "mkate wako ni mtamu sana." Akala vipande vitatu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Ndugu Sinclair ana upara.

Alipoondoka Baba aliketi na atlasi magotini. Nilidhani anatafuta Luksemburgi. Kumbe hafungui hata ukurasa. Baba yangu si mwongo, sijawahi kumsikia akisema uongo, na nadhani hesabu ile imemkaa kooni.

Jumapili, 17 Novemba

Leo Mnyama kapumzika. Ukumbi mzima ni mapatano tu, yale ya Ijumaa, serikali za London na Dublin kutia sahihi mambo ya nchi yetu bila kutuuliza. Wanaume wamekasirika mpaka shingo nyekundu. Ndugu Sinclair aliomba dakika nyingi na Mungu aliambiwa habari zote kana kwamba hasikilizi redio.

Baba hakuomba. Si kawaida yake.

Jumatano, 20 Novemba

Nimegundua jambo! Redioni wamesema Greenland ilijitoa kwenye Soko la Pamoja tangu Februari. Ilitoka, na sisi hatukujua. Nimekuwa nikiwaza tangu asubuhi nikiwa napogoa: je, Mnyama anaweza kupoteza kitu? Greenland ilikuwa chini ya Denimaki, kwa hiyo si pembe. Ni nini basi? Ukucha?

Nikamuuliza Baba, nikasema ukucha. Akacheka! Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Wiki kadhaa sijamsikia akicheka. Kisha akajikaza akasema nisilifanyie mzaha Neno.

Sifanyi mzaha. Hapo ndipo hawanielewi, yeye na Ndugu Sinclair. Naamini Bwana atarudi. Nikiamka naliamini, nikilala naliamini. Ninachotaka kujua ni kama Yeye naye anahesabu nchi pamoja nasi, au sisi ndio tunaomharakisha kwa vidole. Ndugu Sinclair husema kuna kompyuta kwenye makao ya Soko huko Brussels, orofa tatu nzima, na jina lake Mnyama. Roberta akamuuliza nani ameiona. Akasema ameisoma. Roberta akasema hata yeye amesoma habari za nguva.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimeagiza miche.

Nimepiga simu nikiwa nyumbani kwa Roberta ili Baba asisikie. Miche ya matofaa ya kupikia, ya kutosha shamba la chini lote, na michache ya aina nyingine ya kuichavushia. Bwana Teggart wa kitaluni aliuliza mara mbili kama nina hakika, maana anaikumbuka ile oda ya 1981. Nikasema nina hakika. Ataleta Jumanne ya kwanza baada ya Mwaka Mpya.

Sikio halipiti kichwa, ndivyo nilivyolelewa. Leo limepita, na Roberta akanikalisha kitako. Akaniuliza, utamwambia lini? Nikasema, karibuni. Akasema, karibuni ya kwako au ya baba yako? Maana ya baba yako haina tarehe.

Nilicheka. Nyumbani nilimpikia Baba maini na vitunguu, chakula anachokipenda, nikashindwa kumtazama usoni.

Jumapili, 15 Desemba

Lazima niandike kabla sijasahau maneno yenyewe.

Baba alisimama mbele ya turubai. Ndugu Sinclair alikuwa ameshatangaza wiki iliyopita kwamba leo Ndugu Mervyn atafafanua pembe mpya, kwa hiyo viti vilijaa, hata kutoka ukumbi wa jirani walikuja. Mimi na Roberta mstari wa tatu, kofia kichwani, midomo imefungwa. Nilijua ana maelezo mawili ya kuchagua. Moja ni lile la Sinclair. La pili ni la kitabu cha Danieli, kwamba pembe tatu zitang'olewa na moja ndogo ichipuke, zibaki kumi, na juzi walikuwa wakibishana sebuleni zipi ziondoke. Nikiwapelekea chai nilisikia Luksemburgi inahukumiwa kwa kuwa ndogo.

Hakuchagua hata moja. Alisoma mistari yake, akafunga Biblia, akasema:

"Ndugu zangu. Mwaka 1981 nilisimama hapa nikawaambia ni kumi, na kwamba imetimia. Sikusema labda. Sasa zitakuwa kumi na mbili. Ndugu Sinclair ana njia ya kuzirudisha kumi, na pengine yuko sahihi. Lakini mimi niliwaambia imetimia. Neno ni kweli. Mimi ndiye nisiyejua."

Akaketi.

Ndugu Sinclair alisimama akatoa wimbo, tena akauanzisha juu mno, hakuna aliyeufikia. Kwenye chai watu walimpita Baba kwa mbali, kama mtu mwenye mafua. Ndugu Sinclair akamwambia amewayumbisha walio dhaifu. Baba akajibu, "Ndugu yangu, dhaifu wa kwanza ni mimi."

Nilitaka kwenda kumshika mkono mbele ya wote. Sikwenda. Nilikuwa najivunia baba yangu na papo hapo nikaogopa: amepoteza miaka yake mingi alasiri moja, nami nina miche ya siri inakuja.

Nilikunja turubai mwenyewe. Hakuniambia niandae brashi ya kuandika majina mapya.

Jumatano, 25 Desemba

Bata mzinga mdogo. Wawili tu mezani. Kwa kawaida Ndugu Sinclair huja jioni. Hakuja.

Baba aliniuliza kama nadhani alikosea kusema vile. Nikasema hapana. Akauliza, hata kama amewaondolea watu tumaini? Nikasema tumaini bado lipo, ulichoondoa ni tarehe. Hapo ndipo ningemwambia habari ya miche. Mdomo wangu usio na kufuli, leo ukapata kufuli.

Jumatano, 1 Januari 1986

Redio saa mbili asubuhi: Hispania na Ureno zimeingia. Wamepiga na muziki. Baba alizima, akamaliza uji wake.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Kumi na mbili."

Nikasema, "Baba, nimeagiza miche." Ilitoka tu, nikiwa na uji mdomoni.

"Lini?"

"Novemba."

"Nauliza inakuja lini."

"Jumanne."

Akaweka kijiko. Akasema nipige simu nifute. Nikasema sitaki. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwambia Baba neno hilo, na lilipotoka lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Nikamwambia mengine yote pia. Kwamba shamba la chini linakufa. Kwamba yeye amengoja vizuri miaka yote hii kwa sababu babu alimpandia miti, naye akala matofaa yake akiwa anangoja. Mimi nitangoja nikila nini?

Akasema niliagiza nyuma yake. Nikasema ndiyo. Akasema hilo ni jambo jingine, na ni baya. Nikasema ndiyo, najua.

Akavaa buti akatoka. Kutwa nzima hakuongea nami ila kuniomba chumvi.

Jumamosi, 4 Januari

Chumvi, na leo pia magazeti.

Jumanne, 7 Januari

Lori limefika mapema. Nilikuwa ghalani, niliposikia honi nikakimbia kupitia jikoni, lakini Baba amenitangulia. Yuko getini. Geti limefungwa na mkono wake uko juu ya komeo. Nimefungua dirisha kidogo, nasikia, naandika nikiwa nimesimama.

Bwana Teggart ameshuka. Wamesalimiana, wakasema habari za baridi. Baba hafungui. Mashina yamefungwa mafungu mafungu ndani ya gunia, yanaonekana juu ya lori.

Baba: hii inazaa baada ya muda gani?

Teggart: "Hii mirefu, Bwana Gracey, mpaka uone mavuno ya maana ni miaka saba. Binti yako aliiomba hiyo kwa sababu inadumu. Itamzika na yeye."

Baba ametazama mawingu, kama anavyoyatazama kila asubuhi akimngoja Bwana. Nikajua basi, miche inarudi kitaluni. Hata hasira sikupata, nilichoka tu.

Baba: "Huna inayozaa mapema zaidi?"

Teggart kajikuna kidevu. Ipo ya shina fupi. Mwaka wa tatu unaanza kuchuma. Lakini haiishi sana, na inataka kuegemezwa nguzo.

Baba: "Mwaka wa tatu." Amerudia mara ya pili, polepole. Sasa anauliza, je, mtu anaweza kuchukua nusu hii na nusu ile?

Teggart anasema anaweza. Anauliza ipandwe vipi, imechanganywa au kila moja na upande wake?

Mkono wa Baba bado uko kwenye komeo. Anapima shamba la chini kwa macho, midomo yake inahesabu safu. Natamani kutoka niwaambie mirefu iwe kaskazini ili isizibe jua la kusini. Sitoki. Nikitoka sasa atakumbuka kwamba amenikasirikia.